Mama mkwe anamkanda mtoto kichwa kila asubuhi, wifi anasema hafanani na baba yake

Anti shikamoo. Naomba usinitaje jina na mtaa usiandike, sema tu nipo Mbagala, Mbagala kubwa hawatanijua.

Nina miaka 26, nimeolewa huu mwaka wa pili na nina mtoto wa kiume, wa kwanza, keshokutwa anatimiza wiki 11. Nilimzaa kwa shida sana, uchungu ulianza jumapili usiku mtoto akaja kutoka jumanne alfajiri na ikabidi avutwe na ile mashine ya kunyonya kichwa, sasa alivyotoka kichwa kilikuwa kirefu kama papai na juu kuna uvimbe laini, nililia nikajua basi nimezaa mtoto ana matatizo, nesi akaniambia mama tulia kitarudi, na kweli siku ya nne hivi kichwa kikawa cha kawaida.

Tunakaa kwa mama mkwe, sisi tuna chumba cha uani. Arobaini yangu ameilea yeye na simsemi vibaya Anti, kanikanda, kanipikia uji wa pilipili manga, kanipikia mtori, usiku mtoto akilia anagonga mlango anamchukua mimi nilale. Ila toka kitovu cha mtoto kilivyokatika, kila asubuhi akishamuogesha anamlaza mapajani, anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anakamua, alafu anaanza kichwa. Anabana mbele na nyuma kwa viganja, anasema anaondoa kichogo na kushusha komwe. Akimaliza anapaka mafuta ya nazi vidole viwili anambana pua kutoka juu kuja chini mara saba, nimehesabu, ni saba kila siku, mtoto analia mpaka sauti inakata. Kuna siku kidole gumba kikapita pale kwenye utosi panapodunda, mimi moyo ulidunda kuliko huo utosi. Nikasema mama hapo taratibu, akanijibu nimelea saba mimi, vichwa vyao si unaviona? Na kweli nikimuangalia mume wangu kichwa chake kizuri tu, nikakosa la kusema.

Sasa wiki tatu nyuma nikaona kisogo cha mtoto upande wa kulia kimekuwa bapa, ukimshika ukamuangalia kwa juu ni kama andazi lililokaliwa, na sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto. Nikajua ndio hiyo mikono. Na mtoto mwenyewe shingo yake anaipenda upande mmoja, tunalala yeye ukutani mimi huku upande wa mlango, basi muda wote kanigeukia mimi na mlango, nikimgeuzia ukutani analia mpaka nimrudishe. Kliniki wiki ya 10 foleni ilikuwa ndefu walipima uzito wakamchoma chanjo tukaondoka, na mimi niliogopa kuuliza wasije wakanigombeza. Nikaingia mtandaoni nikaona watoto wa kizungu wamevalishwa helmeti, nilivyoona bei nikazima data. Nikaenda Kariakoo nikanunua ule mto wenye shimo katikati.

Na kubwa kuliko yote ni wifi yangu. Siku ya kutoka arobaini nyumba imejaa watu akambeba mtoto, akamuangalia weee, akasema kwa sauti hii pua kaitoa wapi huyu, kwetu hakuna pua ya hivi. Watu wakacheka. Mama mkwe akasema ndio maana naikanda. Mume wangu alikuwepo hakusema kitu. Yeye anaendesha bajaji anatoka saa 11 alfajiri kurudi saa 4 usiku, na wiki iliyopita nimeshtuka usiku nikamkuta amewasha tochi ya simu anammulika mtoto usoni, kaganda anamuangalia. Nikajifanya nimelala. Anti, Mungu ni shahidi yangu sijui mwanaume mwingine toka nimjue yule. Lakini na mimi sasa nimeanza kumuangalia mwanangu kama mgeni, maana hafanani na mimi wala baba yake, ana kichwa kikubwa uso mdogo kama wa kwake peke yake.

Mama yangu yuko Muheza anasema njoo ukae hata miezi mitatu. Nikienda watasema nimekimbia maneno. Nikibaki ile mikono inaendelea. Nimwambieje mama mkwe? Na je nikaombe mwenyewe kipimo cha DNA ili wafunge midomo? Nisaidie maana usingizi sina.

Mama Wa Kwanza, Mbagala


JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi, maana barua nzima sijaona mahali mtu kakupa hongera.

Nimekusoma mara mbili. Kuna mikono inakutisha na kuna macho yanakutisha, na vyote umevifunga kwenye kanga moja: mama mkwe anabana, kichwa kimeharibika, mtoto hafanani, mume ana mashaka, basi nihame. Tufungue hiyo kanga taratibu, maana vilivyomo ndani havijatoka duka moja.

Anza na lile papai. Fuvu la mtoto mchanga halijawa kitu kimoja, ni vipande vimeshikwa na utando laini katikati, na makusudi yake ni hayo uliyoyaona labour, vipande vinasogeleana na kupandiana kidogo ili kichwa kipite kwenye nyonga yako. Akishatoka vinarudi vyenyewe, na ule uvimbe wa mashine nao mara nyingi unanywea ndani ya siku chache. Sasa angalia ulivyoandika mwenyewe: kichwa kilirudi siku ya nne, mama mkwe alianza kukanda kitovu kilipokatika. Yani kichwa kilijirudi kabla mkono wa mtu haujafika. Hilo liweke pembeni tutalihitaji.

Na kazi haijaishia hapo. Mtoto anazaliwa na kichwa chenye mzunguko wa kama sentimita 35, akifika mwaka kinakuwa kama 46. Kinachosukuma ni ubongo, unakua unalisukuma fuvu kwa ndani na fuvu linafuata, ndio maana vile vipande haviwezi kujifunga mapema. Ule utosi mdogo wa nyuma unaziba kama miezi 2 au 3, wa mbele unaodunda unasubiri mpaka mwaka na nusu hivi, wengine hata miaka miwili. Kudunda kwake ni mapigo ya moyo tu, usiutazame kwa hofu. Utosi ukivimba mtoto ametulia hajalia, au ukibonyea ndani huku anaharisha na mkojo umepungua, hapo unabeba mtoto unaenda hospitali, huombi ruhusa ya mtu, na hakuna cha kupaka wala kukandamiza juu yake.

Sasa hilo andazi lililokaliwa. Una uhakika ni mikono ya mama mkwe? Mikono yake inabana mbele na nyuma, dakika kadhaa, mara moja kwa siku. Ubapa uko kulia. Alafu umeniandikia, wala hukujua unaniandikia, kwamba mtoto analala kageukia kulia saa zote kwa sababu huko ndiko uliko wewe, na mlango, na mwanga, na watu wanaoingia. Mtoto wa wiki 10 analala sehemu kubwa ya siku, kichwa kizito, fuvu bado laini, upande mmoja tu. Mwanangu, anayemkanda zaidi ni godoro. Hata hilo sikio la kulia kusogea mbele ndivyo inavyokuwa mtoto akilalia upande mmoja, godoro linasukuma mfupa na sikio linafuata.

Hii hali ni ya kawaida kuliko unavyofikiri. Marekani mwaka 1992 madaktari wa watoto walianza kusisitiza watoto wasilazwe kifudifudi, 1994 ikawa kampeni kubwa ya kuwalaza chali, vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini vikapungua sana, na visogo bapa vikaongezeka. Watu wakaona bora kisogo bapa na mtoto hai. Kwahiyo tafadhali usije ukaogopa kisogo ukaanza kumlaza kifudifudi usiku. Kifudifudi ni mchana akiwa macho, wewe uko pale pale, kwenye mkeka au juu ya kifua chako, dakika chache chache mara nyingi, atanung'unika mzoee. Akianza kukaa mwenyewe muda wa kulalia kichwa unapungua na kisogo kinajazia, mara nyingi si kwa asilimia mia ila nywele zikishaota hamna atakayepima.

Helmeti usiikoseshee usingizi. Mwaka 2014 Waholanzi walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 84 wenye vichwa bapa, nusu wakavalishwa helmeti nusu wakaachwa wakue, walipofika miaka miwili hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Ule mto wa Kariakoo ndio nataka uutoe leo kwenye kitanda. Mto kwa mtoto mchanga unaweza kumziba pumzi, na Marekani mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba 2022 iliwatahadharisha wazazi kuhusu mito hiyo hiyo ya kutengeneza kichwa. Pesa imeshaenda, shonea mtoto wa jirani mdoli.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenifanya niache kalamu nisome tena: ukimgeuzia ukutani analia mpaka umrudishe. Inaweza ikawa ni kukutaka wewe tu. Inaweza pia ikawa msuli wa upande mmoja wa shingo umekaza, na hilo linatokea kwa watoto, hasa waliotoka kwa shida. Dawa yake ni mazoezi ya kunyoosha shingo anayofundishwa mama na mtu wa fiziotherapia, na ukiwahi ni rahisi. Mimi sijamshika mwanao siwezi kusema ni lipi. Ndio maana nataka aonwe, na siku hiyo umuombe nesi achukue futi kamba apime mzunguko wa kichwa aandike kwenye kadi, ni haki yako na inachukua nusu dakika. Mara chache sana, kwa mtoto mmoja katika 2,000 na kitu, vipande vya fuvu vinaungana mapema mno, unapapasa unakuta tuta gumu kwenye maungio na kichwa kinazidi kwenda ovyo badala ya kujirudi. Wakiona hivyo watakuandikia rufaa ya madaktari wa vichwa, na hapa Dar hao wapo MOI pale Muhimbili. Maelezo yako hayanionyeshi huko.

Nimemtetea mama mkwe mpaka hapa, sasa nigeuke. Kwamba hajaleta ubapa haina maana ile mikono ni salama. Kitambaa cha maji ya moto kinaweza kuunguza ngozi ya mtoto hata kama mkono wa mtu mzima unavumilia. Gumba halina kazi utosini. Pua ndio inaniudhi zaidi, mtoto mchanga anapumua kwa pua, ukiibana ukaipaka mafuta unamnyima hewa, na mafuta yakiteleza yakaingia ndani yanaweza kufika kwenye mapafu yakaleta kichomi kibaya. Alafu haisaidii kitu. Kweli fuvu la mtoto linaweza kutengenezwa, Wamangbetu wa Kongo zamani walikuwa wanawafunga watoto vichwa kwa kamba mpaka vinakuwa virefu kwenda nyuma, lakini ilikuwa kufunga usiku na mchana miezi na miezi. Vidole viwili mara saba kila asubuhi havijengi pua. Mimi wa kwanza wangu bibi yangu alimkanda kichogo mpaka akachoka, wa pili bibi alikuwa keshafariki hakukandwa na mtu. Wote wawili leo wana kichogo cha baba yangu, wakisimama ubavu unaweza kuning'iniza kofia.

Utamwambieje? Unaweza kumkabili moja kwa moja. Ni haki yako kama mama, ila umekaa uani kwake, kakulea arobaini, na atasikia "umeniharibia mtoto", na ukishasema hivyo huwezi kulirudisha. Unaweza kumbadilishia kazi: mama, mgongo na miguu anapenda ukimkanda, usiku analala vizuri, kichwa nesi kasema tumuachie. Kukanda mwili kwa mikono laini mtoto anafurahia kweli, kwahiyo humdanganyi. Ubaya wake unamtumia nesi ngao, na siku nesi mwenyewe akisema "aah kandeni tu" umekwisha. Au umuombe mama mkwe mwende wote kliniki, abebe mtoto yeye, asikie mwenyewe na aulize mwenyewe, mtu aliyelea saba anapenda kuulizwa na wataalamu. Napo inategemea utamkuta nesi wa aina gani siku hiyo, kuna wengine midomo yao unaijua. Wewe ndiye unamjua huyu mama, ila mimi ninayemuona kwenye barua yako, anayegonga mlango usiku amchukue mtoto ili ulale, sio adui.

Sasa uso. Umesema mtoto ana kichwa kikubwa na uso mdogo kama wa kwake peke yake. Ni kweli tupu! Watoto wote wanazaliwa hivyo. Uso wake ulianza kuumbika wiki ya nne tumboni, labda hata hujajua una mimba, kama vinundu vitano vinavyozunguka mdomo, kimoja cha juu, viwili vya mashavu na viwili vya taya, macho yako pembeni kabisa kama ya samaki, masikio yako chini shingoni, alafu vyote vinasogea kukutana katikati. Kufika wiki ya nane ni uso wa mtu. Weka kidole kwenye kale kafereji kati ya pua na mdomo wako, ndipo vipande vilipokutania. Visipokutana vizuri ndio mtoto anazaliwa na mdomo wa sungura, na hapo pia utasikia mama alimcheka mtu au alishika kisu, maneno hayo hayo ya kumtafuta mwanamke makosa.

Lakini kuumbika na kukua ni vitu viwili. Wakati wa kuzaliwa ubongo ndio umewahi, fuvu limetangulia, uso umebaki kama sehemu moja ya nane ya kichwa chote. Taya la chini bado ni nusu mbili, zinaungana ndani ya mwaka wa kwanza. Mgongo wa pua haujainuka. Meno yamelala ndani ya ufizi hayajasukuma taya. Uwazi ulioko ndani ya mifupa ya mashavu ni mdogo sana, wa kwenye paji haujaanza kabisa. Uso unashuka chini na kuja mbele mwaka hadi mwaka, pua na taya ndio vya mwisho, kwa mvulana vinaendelea mpaka 18 au 20 huko. Kwahiyo wifi yako anakagua kiwanja kilichomwagwa jamvi anauliza mbona bati halifanani na la kaka.

Na tochi ya mumeo, hivi una uhakika ilikuwa inatafuta pua? Mtu anayetoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 4 usiku mwanawe anamuona lini? Labda anakagua. Labda ndio muda pekee anaompata. Wewe ulijifanya umelala kwahiyo hatujui, na yeye alinyamaza arobaini kwahiyo nawe hujui, mnalala kitanda kimoja kila mtu na tochi yake. Mimi ningeanzia hapo kabla ya DNA. Kipimo kipo, kinafanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna sheria yake ya 2009, na hupeleki sampuli mwenyewe mkononi, maombi yanapitia ustawi wa jamii, wakili, mahakama na kadhalika. Majibu yatakusafisha. Ila fikiria asubuhi baada ya majibu, wewe ndio utakuwa mwanamke aliyetuhumiwa na mdomo wa wifi akajipeleka mwenyewe kupimwa, hilo litakukaa vipi moyoni? Wapo linaowakaa vizuri, wakapumua. Wapo lililowachoma kuliko lile neno. Wazee wanasema kitanda hakizai haramu, na mimi msemo huo sikupi maana unamfariji mume, wewe unakuacha pale pale na shutuma.

Kuna njia ndogo, mwombe mama mkwe picha ya mumeo akiwa mchanga, umfananishe mchanga na mchanga. Mkikuta ni pua ile ile mtacheka wiki nzima. Msipokuta wifi atapata mtaji mpya, kwahiyo usiitolee mbele ya watu.

Muheza nako sikukatazi. Miezi mitatu ya mama yako ni mapumziko ambayo mwili wako unayataka, ila ukiondoka leo umebeba ukimya wa mumeo utaukuta umeota mizizi. Mkiongea kwanza, akakusindikiza Mbezi mpaka kwenye basi, ni safari nyingine kabisa hata wifi atakosa la kusema. Au atapata, wifi huwa hakosi.

Leo usiku fanya jambo moja. Mlaze chali hapo hapo ulipo, ila kichwa kikae ilipokuwa miguu, ili kukuona wewe na mlango ageukie kushoto. Akigeuka mwenyewe bila shida, endelea kubadilisha hivyo siku hadi siku. Akishindwa, akalia shingo haifiki, usisubiri chanjo ya wiki 14, nenda jumatatu.